Matthias de l'Obel, mwenye jina la lobelia

Ile maua ndogo ya buluu tunayoita lobelia, munajua jina lake lilitoka wapi? Kwa munganga Matthias de l'Obel, mzaliwa wa Lille, mwaka 1538. Alisoma Montpellier, akamtunza Guillaume wa Orange, yule aliyeuawa mwaka 1584. Nyuma akatumikia mfalme James wa Uingereza kwa ujuzi wa mimea. Kazi yake kubwa: kupanga mimea kwa kutazama majani. Alikufa mwaka 1616. Wataalamu waliomfuata ndio waliotoa jina. Yeye hakujua kitu.

Nasi tulimkosea: mbegu zake, ndogo kama vumbi, tulizifukia, zikakataa kuota. Kumbe zinataka mwanga! Sasa tumezimwaga juu ya udongo, tunanyunyiza maji polepole.