Cesare Beccaria na Adhabu za Wahalifu

Cesare Beccaria alizaliwa mjini Milano, Italia, mwaka 1738, katika ukoo wa makabaila. Alisomeshwa na Mapadre Wajesuiti huko Parma, akahitimu sheria Pavia mwaka 1758. Alipokusudia kumwoa Teresa Blasco, baba yake alipata amri ya serikali ya kumfungia nyumbani. Hivyo uchungu wa kunyimwa uhuru aliuonja mwenyewe.

Zamani zile mshtakiwa aliweza kuteswa mpaka akiri. Rafiki yake Alessandro Verri, mtetezi wa wafungwa, alimweleza mambo ya magerezani, na mwaka 1764 Beccaria akatoa kitabu juu ya makosa na adhabu, pasipo kutia jina lake. Alifundisha kwamba kila mtu ametoa sehemu ndogo tu ya uhuru wake ili wote wakae salama. Adhabu ipitayo haja hiyo ni dhuluma. Mateso humponya mwovu mwenye nguvu, humwangamiza mnyonge asiye na hatia.

Mwaka 1766 kitabu hicho kilitiwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa na Kanisa. Jambo hilo tusilifiche. Mwaka 2018 Papa Fransisko alitangaza kwamba adhabu ya kifo haikubaliki.

Hata hivyo Beccaria hakuwa mpole kama wengi wadhanivyo: badala ya kitanzi alitaka kazi ngumu ya maisha, akiamini yatisha zaidi. Toscana ilifuta adhabu ya kifo mwaka 1786. Mwaka 1792, katika tume ya sheria, yeye na wenzake wawili waliishauri Lombardia vivyo hivyo, ila palipo lazima kabisa. Alifariki mwaka 1794.