Wilhelm Bleek: Swali Moja la Umri Mzima

Kila mwanafunzi wa Kiswahili aliyefika chuo kikuu ametumia urithi wa Wilhelm Bleek, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Tunaposema kwamba mtu na watu ni nomino za ngeli ya 1 na ya 2, au kiti na viti ni za ngeli ya 7 na ya 8, tunafuata utaratibu wa nambari aliouanzisha yeye na kuendelezwa na Carl Meinhof. Jina Bantu nalo liliingia katika taaluma ya isimu kupitia kalamu yake. Maisha yake yana funzo kwa mtafiti chipukizi anayetapatapa kusaka mada ya tasnifu.

Bleek alizaliwa Berlin tarehe 8 Machi 1827. Babake, Friedrich Bleek, alikuwa profesa wa theolojia mjini Bonn. Kijana naye alianza na theolojia, kisha masomo ya Kiebrania yakamwelekeza kwenye lugha za Afrika. Mwaka wa 1851 Chuo Kikuu cha Bonn kilimtunuku shahada ya uzamifu kwa tasnifu iliyoandikwa kwa Kilatini. Mada yenyewe ilikuwa pana mno: jinsi za nomino katika lugha za kusini mwa Afrika, Kikopti, lugha za Kisemiti na nyinginezo. Hata hivyo, ndani ya upana huo mlikuwa na swali dogo: ni kwa misingi gani lugha huzigawa nomino katika makundi? Jaribio lake la kuzihusisha lugha za Wakhoekhoe na zile za kaskazini mwa Afrika halikubaliki tena. Lile swali dogo ndilo lililodumu.

Swali lilihitaji data, naye akaifuata. Mwaka wa 1854 alijiunga na msafara wa mto Niger, lakini maradhi yakamrudisha Uingereza. Mwaka wa 1855 alifika Natal pamoja na Askofu John Colenso ili kuandaa sarufi ya Kizulu. Mwaka uliofuata alihamia Cape Town, ambako alikabidhiwa maktaba ya Gavana George Grey, yenye maandishi mengi kuhusu lugha za Afrika. Humo ndimo alimoandikia sarufi linganishi ya lugha za kusini mwa Afrika. Sehemu ya kwanza, iliyohusu fonolojia, ilitoka mwaka wa 1862. Ya pili ilitoka mwaka wa 1869, nayo ilishughulikia nomino. Miaka 18 baada ya tasnifu yake, Bleek alikuwa angali kwenye nomino! Vitenzi hakuvifikia, na sarufi hiyo hakuikamilisha.

Kuanzia mwaka wa 1870 alijifunga zaidi. Aliomba wafungwa wa jamii ya |Xam waliokuwa katika gereza la Breakwater waruhusiwe kuishi nyumbani kwake, wamfundishe lugha yao. Mmoja wao, ||Kabbo, alikubali kubaki hata baada ya kifungo chake kwisha. Bleek na shemeji yake, Lucy Lloyd, waliandika masimulizi yao neno kwa neno. Bleek alifariki tarehe 17 Agosti 1875, naye Lloyd akaendelea hadi kuchapisha sehemu ya hazina hiyo mwaka wa 1911. Lugha ya |Xam imekwisha kufa. Fasihi simulizi yake ingalipo katika madaftari hayo.

Si haki kumsifu bila kumhakiki. Bleek alidai kwamba lugha zenye jinsi ya kike na ya kiume huwapa wasemaji wake uwezo mkubwa zaidi wa kubuni visasili na ushairi kuliko lugha zenye ngeli. Dai hilo lilibeba dhana za ubaguzi za Ulaya ya wakati wake, na tendi za Kiswahili pekee zatosha kulivunja. Alipojibana kwenye viambishi alivyoviona, kazi yake ilisimama. Alipovuka mpaka wa data na kuwahukumu watu, alipotoka.

Basi anayetaka kuandika kuhusu mwanamke katika ushairi wa Kiswahili na aanze, kwa mfano, na namna Mwana Kupona anavyomwita bintiye katika utendi wake. Mada hiyo si finyu. Ni mlango, na mshika mawili moja humponyoka.