James Watt na nukta iliyonyoosha njia

Kila tunapozungumzia umeme wa jua katika vipindi vyetu, neno moja halikosi: wati. Balbu ya wati 5, paneli ya wati 100. Neno hilo ni jina la mtu. Leo tunawaletea maisha ya James Watt, na hasa kazi ambayo yeye mwenyewe aliionea fahari kuliko zote.

Watt alizaliwa Januari 19, 1736, katika mji wa bandari wa Greenock, Scotland. Akiwa kijana alikwenda London kujifunza kutengeneza vyombo vya kupimia, kisha akapata karakana ndani ya Chuo Kikuu cha Glasgow. Hapo ndipo alipoletewa mfano mdogo wa injini ya mvuke ili autengeneze.

Wengi hudhani Watt ndiye aliyeanzisha injini ya mvuke. Sivyo. Thomas Newcomen alijenga ya kwake mwaka 1712, ya kuvuta maji migodini. Lakini ilikula makaa mengi, kwa sababu silinda ilipashwa moto na kupozwa kila mara. Mwaka 1765 Watt alipata jibu: mvuke upozwe katika chombo cha pembeni, silinda ibaki na joto lake.

Jibu hilo halikumlisha. Fedha zilipungua, akafanya kazi ya kupima njia za mifereji. Mwaka 1773, akiwa mbali kazini, mkewe Margaret alifariki dunia kwa uzazi. Miaka miwili baadaye aliungana na mfanyabiashara Matthew Boulton wa Birmingham, na injini zikaanza kupata wateja.

Ndipo likaja tatizo jingine. Fikiria pampu ya baiskeli: ukisukuma mpini kwa upande, fimbo inapinda na upepo unavuja. Pistoni nayo lazima iende wima, juu na chini. Lakini ilifungwa kwenye ncha ya boriti kubwa inayopanda na kushuka kama bembea ya ubao, na ncha ya namna hiyo huchora upinde. Injini za zamani zilitumia mnyororo, kwa kuwa zilivuta tu. Injini mpya ya Watt ilivuta na kusukuma, na mnyororo hausukumi.

Mwaka 1784 alipata hataza ya ufumbuzi wake. Aliunganisha mikono miwili kwa kipande kifupi. Ncha za mikono zilichora pinde, moja ikipindia huku, nyingine kule. Nukta ya katikati ya kile kipande ilienda karibu wima kabisa.

Unaweza kujaribu nyumbani. Kata vipande vitatu vya boksi: viwili vya sentimita 20 na kimoja cha 10, ukipima kati ya matundu. Pigilia misumari miwili kwenye ubao, mmoja kushoto na mwingine kulia, umbali wa sentimita 40, ule wa kulia ukiwa chini kwa sentimita 10. Kila msumari ushike mkono mmoja mrefu, ncha zielekee katikati, na kipande kifupi kiziunganishe. Toboa katikati yake, weka penseli, kisha pandisha na ushushe taratibu.

Mwenye simu janja anaweza kuchora hayo hayo kwa programu ya GeoGebra, akaamuru nukta iache alama inapopita. Ukiipeleka mwendo wote, utaona umbo la namba 8 iliyorefuka. Watt alitumia sehemu iliyonyooka tu.

Mstari wake haukunyooka kikamilifu. Mfaransa Charles-Nicolas Peaucellier ndiye aliyeeleza namna ya kuupata ulionyooka kabisa, mwaka 1864. Watt hakuuona, alifariki Agosti 25, 1819, akiwa na miaka 83. Lakini ule wa karibu ulitosha kuendesha viwanda.

Watoto wanaposema hesabu za maumbo hazina kazi, wapeni misumari, boksi na penseli.