Khabari ya Gavana Schnee na Dhahabu ya Tabora

Hii ni khabari ya Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa Wadachi katika nchi ambayo sasa ni Tanzania Bara, na ya mali aliyoitengeneza wakati wa vita. Ndani yake mna mazingatio kwa kila mwenye kuuza na kununua.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1871. Akasoma elimu ya sheria, akaitumikia dola yake New Guinea na Samoa, kisha mwaka 1912 akafika Dar es Salaam kuwa gavana. Alikuwa mtu wa kalamu na hesabu, si mtu wa upanga.

Zama hizo rupia ya Wadachi ilikuwa ya fedha, thamani yake ikilingana na rupia ya Hindi. Kwa hiyo mwenye duka wa Bagamoyo na Mnyamwezi wa bara waliipokea pasipo shaka. Tangu mwaka 1904 rupia moja ilikuwa hela 100, na jina hilo la hela lingali vinywani mwa watu. Reli nayo ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia ya Ugogo, iliyokuwa kazi ya majuma mengi kwa misafara na hongo kila kituo, ikawa safari ya siku chache.

Vita vilipoingia Agosti 1914, Schnee alitaka nchi yake iepukane navyo kwa kushika mkataba wa madola juu ya bonde la Kongo. Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi, hakukubali, na uhasama wa wawili hao haukwisha. Manowari za Waingereza zikaifunga pwani. Fedha ya kutoka Ulaya ikakatika, na huku askari, wapagazi na wenye nafaka wote wanadai. Watu walipoona hivyo wakazificha rupia zao za fedha.

Ndipo Schnee akafuata njia ya wakubwa wa Ulaya. Ujerumani na Ufaransa zilikuwa zimekwisha acha kubadili noti kwa dhahabu tangu mwanzo wa vita. Naye mwaka 1915 akaamuru noti za muda zipigwe chapa papa hapa nchini. Noti ile ilikuwa hati ya deni tu: dola inaahidi kulipa, na mwenye kuishika anangoja.

Watu walizipokea kwa uzito. Basi serikali, iliyokwisha hamia bara, ikatafuta madini. Dhahabu ilikuwapo Sekenke, katika nchi ya Iramba, kaskazini-magharibi ya Dodoma. Ikachukuliwa mpaka Tabora, na mwaka 1916 mafundi wakapiga sarafu ya rupia 15, upande mmoja tai wa dola, upande wa pili tembo na mlima Kilimanjaro nyuma yake. Uzito wake ulikuwa gramu 7 na kidogo, na katika sehemu 4 za madini yake, 3 zilikuwa dhahabu safi. Zikapigwa zaidi ya 16,000. Kwa wanyonge zikapigwa hela 5 na hela 20 za shaba.

Kazi hiyo haikudumu. Mwisho wa Julai 1916 jeshi la Waingereza liliingia Dodoma na kuikata reli. Tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaitwaa Tabora. Schnee akakimbia kusini pamoja na jeshi, na mwaka 1917 noti zikapigwa porini kwa mihuri ya mpira.

Waingereza hawakuzitambua noti zile. Aliyeuza ng'ombe wake kwa karatasi alibaki na karatasi; aliyeshika sarafu ya dhahabu alibaki na dhahabu, awe nani mtawala. Ugogo ndiko msiba ulikokuwa mzito zaidi. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, mvua ikakosekana, ikaja njaa iitwayo Mtunya kati ya miaka 1917 na 1920. Hukadiriwa kuwa Wagogo 30,000 walikufa.

Ulaya nako dhahabu ilihamia Marekani kununua silaha, na Uingereza, iliyokuwa mkopeshaji wa ulimwengu, ikawa mdeni. Dola ya Wadachi ikaanguka pamoja na makoloni yake yote. Mishahara ya askari wake wa huku ilibaki deni mpaka miaka ya 1920 ilipolipwa.

Schnee alijisalimisha Abercorn Novemba 1918 pamoja na Lettow-Vorbeck. Akarejea kwao, akaketi katika bunge, akaandika vitabu vya kudai makoloni yarudishwe, asifanikiwe. Alikufa Berlin mwaka 1949.

Sarafu zake leo hutafutwa na wakusanyaji kwa thamani kubwa. Ama wale waliopewa karatasi badala ya jasho lao, wengi wao walikufa wakidai. Na deni halifutwi kwa kuondoka mtawala. Hubaki shingoni mwa mdeni mpaka siku ya hesabu. Basi na azingatie kila mwenye kuahidi mali za watu.