Paul Eisler

Paul Eisler (Vienna, Austria, 1907 – London, Uingereza, 1992) alikuwa mhandisi na mvumbuzi anayejulikana hasa kwa kubuni bodi ya saketi iliyochapishwa, yaani ubao mwembamba wenye njia za shaba unaounganisha sehemu za kielektroniki ndani ya redio, televisheni, kompyuta na simu.

Maisha ya awali

Eisler alizaliwa katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1930 alihitimu masomo ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Vienna. Kutokana na chuki dhidi ya Wayahudi, alishindwa kupata kazi ya kudumu ya uhandisi nchini mwake. Kwa muda alifanya kazi mjini Belgrade, akishughulikia redio za kwenye treni. Baadaye alirudi Vienna akafanya kazi katika magazeti, ambako alizifahamu mbinu za uchapaji. Mwaka 1936 alikimbilia Uingereza.

Uvumbuzi

Wakati huo nyaya za redio ziliunganishwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, na kulehemiwa. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu na makosa yalikuwa mengi. Eisler aliona kwamba njia za umeme zingeweza kuchapwa kama ukurasa wa gazeti. Bamba jembamba la shaba hubandikwa juu ya ubao usiopitisha umeme, kisha mchoro wa njia huchapwa juu yake kwa wino usioliwa na asidi. Ubao ukitiwa katika asidi, shaba isiyofunikwa huliwa na zile njia hubaki. Hivyo bodi nyingi zinazofanana kabisa huweza kutengenezwa kwa haraka.

Akiwa katika chumba cha kupanga huko Hampstead, London, alitengeneza redio yenye saketi ya aina hiyo. Kampuni aliyoionyesha ililikataa wazo lake, kwa kuwa wanawake waliounganisha nyaya kwa mkono walilipwa ujira mdogo.

Vita na hataza

Mwaka 1940 Eisler aliwekwa kizuizini kama raia wa nchi adui. Baada ya kuachiliwa mwaka 1941, alipata msaada wa kampuni ya uchapaji ya Henderson and Spalding, iliyomwajiri kupitia kampuni yake tanzu, Technograph. Alitia saini mkataba bila kuusoma, na kwa mkataba huo haki za uvumbuzi wake zikawa za kampuni. Maombi ya hataza yalipelekwa mwaka 1943.

Baada ya vita bodi hizo zilienea duniani, lakini watengenezaji wengi hawakulipa chochote. Mwaka 1963 Technograph ilishindwa kesi ya hataza nchini Marekani. Eisler mwenyewe alikuwa ameiacha kampuni hiyo mwaka 1957.

Miaka ya mwisho

Aliendelea kubuni vitu vingine, vikiwemo vipasha joto vya bamba la metali. Kitabu chake kuhusu maisha yake kilitolewa mwaka 1989, miaka mitatu kabla ya kifo chake.