Sayyida Salme: Binti wa Sultani aliyeanza upya Ujerumani

Kijana anayetoka Wete au Mkoani kwenda kusoma ng'ambo hukuta baridi, chakula kigeni na lugha asiyoijua. Sayyida Salme aliyakuta hayo mwaka 1867.

Alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, binti wa Sultani Seyyid Said. Wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma tu. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akinakili aya za Qurani kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Mwaka 1866 alikimbia Unguja akiwa mjamzito. Huko Aden alibatizwa jina la Emily, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo.

Aliyezoea kuhudumiwa sasa alitafuta riziki mwenyewe. Elimu ile ya siri ndiyo iliyomfaa: alifundisha Kiarabu, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kitabu cha maisha yake.

Alirudi Zanzibar mara mbili, 1885 na 1888, lakini urithi wake hakuupata. Alifariki Ujerumani mwaka 1924, akazikwa pamoja na kifuko cha mchanga wa kwao.