Johann Lambert: mtoto wa fundi nguo aliyethibitisha kwamba pai si sehemu

Wanafunzi wa Rumonge, wa Kigoma na wa kambi ya Nyarugusu hufundishwa kwamba pai ni 22/7. Kwa kazi nyingi hesabu hiyo inatosha. Pipa la mawese lenye kipenyo cha sentimita 70, ukitumia 22/7, lina mzingo wa sentimita 220, na kosa halifiki milimita 1. Hata hivyo, kosa lipo. Aliyethibitisha kwamba hakuna sehemu yoyote ya namba nzima inayolingana na pai ni Johann Heinrich Lambert, mtu wa ukoo wa wakimbizi aliyeacha shule akiwa na miaka 12.

Utoto na kazi

Lambert alizaliwa mwaka 1728 mjini Mulhouse. Leo mji huo uko Ufaransa, lakini wakati ule ulijitawala na kushirikiana na Uswisi. Wazee wa ukoo wake walikuwa Waprotestanti waliokimbia Lorraine katika karne ya 17 kwa sababu ya dini yao.

Baba yake alikuwa fundi nguo, na maisha yalikuwa magumu. Kijana alitolewa shuleni ili asaidie kushona. Aliendelea kujisomea baada ya kazi. Baadaye alikuwa karani katika kiwanda cha chuma, kisha katibu wa mhariri wa gazeti mjini Basel. Alipofika miaka 20 alipata kazi ya kufundisha watoto wa familia ya Salis huko Chur. Nyumba hiyo ilikuwa na maktaba nzuri, naye aliitumia kwa miaka kadhaa.

Sehemu ndani ya sehemu

Pai inaweza kukaribiwa hatua kwa hatua. Anza na 3. Ongeza 1/7, upate 22/7. Badala ya 7 weka 7 na 1/15, upate 333/106. Ukiweka 7 na 1/16, unapata 355/113. Kwa uwanja wa duara wenye kipenyo cha mita 113, hesabu hii ya mwisho inakosea kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele.

Je, ukiendelea hivyo utafika mwisho? Katika miaka ya 1760 Lambert alijibu hapana. Aliandika tanjenti ya pembe kama sehemu ndani ya sehemu, bila kikomo. Akaonyesha kwamba pembe ikipimwa kwa radiani na kipimo chake kikawa sehemu ya namba nzima, isipokuwa 0, tanjenti yake haiwezi kuwa sehemu ya aina hiyo. Lakini tanjenti ya robo ya pai ni 1. Kwa hiyo robo ya pai si sehemu, na pai yenyewe vilevile.

Berlin

Inasimuliwa kwamba mfalme Frederick wa Prussia alisita kumpokea kwa sababu ya mavazi na tabia zake za ajabu. Hatimaye aliingia Akademia ya Sayansi ya Berlin. Mwaka 1772 alichapisha njia mpya za kuchora ramani, mojawapo ikihifadhi ukubwa wa kweli wa maeneo. Hadi leo njia hiyo hutumika kuchora ramani za Afrika. Alifariki Berlin mwaka 1777, akiwa na miaka 49.

Kwa wazazi na walimu

Familia nyingi zilikimbia Rumonge mwaka 1972. Baadhi ya watoto wao walisoma kwa Kiswahili Tanzania, kisha waliporudi wakakuta shule za Kifaransa. Wengine waliishia hapo. Lambert naye alikatizwa shule, lakini hakufika mbali kwa kipaji peke yake. Alikuwa ameshaanza Kifaransa na Kilatini shuleni, akapata kazi iliyomwachia muda, na nyumba iliyomfungulia vitabu. Mtoto aliyekatizwa masomo anahitaji hayo hayo: lugha ya shule, muda na kitabu cha kuazima.